Kubana matumizi wizarani: hesabu kazi kwanza, ndipo uguse watu na OC (matumizi mengineyo)

Barua ya ukomo wa bajeti ikifika na tarakimu imeshuka, wizara nyingi huitisha kikao cha saa tatu ambacho uamuzi wake unachukua dakika moja: kila idara ipunguze asilimia 10. Mkurugenzi wa Sera na Mipango anashukuru kwa kuwa hesabu zimekaa, wakuu wa idara hawagombani kwa kuwa wote wameumia sawa, chai inaletwa. Ikifika Februari, idara inayokagua miradi mikoani haina mafuta, na kitengo cha jirani bado kinachapisha kalenda za ukutani.

Nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi, na kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa napendekeza hiyo asilimia 10. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Ni kwa wizara na idara zinazojitegemea za Tanzania. Halmashauri zina mambo yao ambayo siyagusi hapa. Ukianza Septemba, kabla mwongozo wa maandalizi ya bajeti haujatoka, utakuwa na nafasi ya kufanya kazi hii vizuri. Ukianza Januari, fanya hatua ya pili na ya sita tu.

Hatua ya 1: Kubaliana kwanza "akiba" ni kitu gani

Kuna akiba ya fedha: kasma (mstari mmoja wa bajeti) ilikuwa na milioni 80, sasa inatosha milioni 60, na kazi ni ileile. Kuna akiba ya muda: kibali kilichokuwa kinachukua siku 14 sasa kinatoka kwa siku 5. Hiyo ni njema, lakini haijawa fedha mpaka useme waziwazi muda ule wa maafisa unakwenda kufanya kazi gani. Halafu kuna kitu cha tatu ambacho watu wanakiita akiba na si akiba hata kidogo, yaani gharama iliyoahirishwa au iliyosukumiwa mtu mwingine. Gari halikufanyiwa matengenezo mwaka huu, mwakani linahitaji injini. Mtumishi hakupandishwa daraja, mwakani anadai malimbikizo. Pango halikulipwa, mwenye jengo anaandika deni.

Si sisi peke yetu tunaoteleza hapa. Uingereza, Julai 2004, Sir Peter Gershon, aliyepewa kazi ya kupitia ufanisi wa serikali, alikabidhi mpango wa kuokoa pauni bilioni 21.5 kwa mwaka ifikapo 2007-08 na kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 84,000 serikalini. Mapema 2007, wizara zikiwa zimeshatangaza akiba ya bilioni 13.3, wakaguzi wa taifa walizipitia hesabu hizo na kusema ni takribani robo tu, bilioni 3.5, ambayo ilionyesha akiba kwa haki. Zilizobaki zilikuwa na vipimo vyenye mashaka, au zingeweza kuwa zimekosewa sana. Na hiyo ni nchi yenye takwimu za kila kitu.

Kwa hiyo tengeneza jedwali lenye safu tano: kasma, kiasi cha sasa, kiasi kitakachobaki, kazi itakayoathirika, na nani atabeba gharama hii tukiiacha sisi. Usikubali pendekezo lolote ambalo safu ya tano iko tupu. Kwa uzoefu wangu safu hiyo peke yake huua nusu ya mapendekezo, na inaua yale yaliyostahili kufa.

Hatua ya 2: Safisha orodha ya mishahara kabla ya kugusa mtu aliye hai

Hakuna akiba rahisi kuliko mshahara unaolipwa kwa mtu asiyestahili. Chukua orodha tatu: malipo ya mwezi uliopita kutoka kwenye HCMIS (mfumo wa taarifa za watumishi na mishahara), tange ya wizara (orodha ya watumishi wote na vyeo vyao), na daftari la mahudhurio la kila kituo. Zilinganishe jina kwa jina. Wale watakaotokea kwenye orodha moja na kukosekana kwenye nyingine ndio kazi yako ya wiki mbili zijazo. Wengi watakuwa na maelezo: yuko masomoni, ameazimwa na taasisi nyingine, yuko kwenye likizo ya uzazi. Wachache hawatakuwa nayo.

Usitume orodha kituoni kwa barua ili mkuu wa kituo asaini chini. Nenda, au mtume afisa utumishi pamoja na mkaguzi wa ndani, na kila mtumishi asaini mbele yao akiwa na kitambulisho cha Taifa mkononi. Nasema hivi kwa sababu ya dereva mmoja tuliyefanya naye kazi. Alifariki Septemba. Tangazo lilibandikwa, rambirambi tulichanga wote, gari la ofisi likapeleka watu mazishini. Mshahara wake uliendelea kuingia benki mpaka Januari. Hakukuwa na mwizi; kila mtu alidhani mwenzake ameshaandika barua ya kumtoa kwenye mfumo. Tangu hapo nikaweka utaratibu kwamba fomu ya kumtoa mtumishi kwenye mfumo inaambatishwa na dokezo la kuomba gari la msiba. Unasikika ukatili kidogo, lakini unafanya kazi.

Wengi mnakumbuka uhakiki wa 2016 na 2017. Watumishi hewa zaidi ya 19,000 waliondolewa, na tarehe 28 Aprili 2017 ikakabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Fedha ziliokolewa kweli. Lakini zoezi kubwa la namna ile huja mara moja kwa kizazi na huacha kesi na rufaa nyuma yake. Uhakiki mdogo kila robo mwaka ni wa bei nafuu na hauumizi mtu kwa makosa ya herufi kwenye jina.

Hatua ya 3: Hesabu kazi

Hapa ndipo watu wanaporuka, kisha wanashangaa kwa nini ikama yao, yaani idadi ya nafasi za watumishi wanayoomba, inakatwa kwenye uchambuzi wa bajeti. Ukiambiwa "idara ina upungufu wa watumishi 9", uliza upungufu kulinganisha na nini. Mara nyingi jibu ni ikama ya miaka kumi iliyopita, iliyonakiliwa mwaka hadi mwaka.

Anza na saa za mtu mmoja. Mwaka una siku za kazi 260. Likizo ya siku 28 inahesabu na wikiendi, kwa hiyo inakula siku 20 za kazi. Toa sikukuu, tuseme 15 zinazoangukia siku za kazi. Toa 10 za ugonjwa, misiba na mafunzo. Zinabaki 215. Saa za ofisi ni kuanzia 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, lakini mwenye ofisi anajua kwamba kati ya saa hizo 8, zinazoingia kwenye kazi yenyewe ni kama 6. Hivyo mtumishi mmoja ni saa 1,290 kwa mwaka.

Sasa chukua sehemu inayoshughulikia vibali 5,400 kwa mwaka, kila kimoja kikichukua saa moja na nusu ya mikono ya watu. Hiyo ni saa 8,100. Gawanya kwa 1,290 upate 6.3. Kama sehemu ina watumishi 11, kuna swali la kuuliza. Kama ina 4, umepata hoja ya kuombea kibali cha ajira ambayo hakuna mchambuzi atakayeikata kwa urahisi.

Muda wa kila kazi usiupate kwa kumuuliza mkuu wa sehemu. Kaa siku mbili na saa ya mkononi pembeni ya afisa anayefanya. Siku ya kwanza atakuwa anafanya haraka kukuonyesha, ya pili atakuwa amekuzoea. Andika ya pili.

Kuna kazi zisizohesabika hivi: kuandika sera, kujibu maswali ya Bunge, kushughulikia dharura. Usizilazimishe kwenye fomula. Ziandikie maelezo ya nusu ukurasa na uende mbele.

Hatua ya 4: Fuata jalada moja kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea

Chagua ombi moja la kawaida, tuseme la mwananchi anayetaka kibali, na ulifuate. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, jalada lilipita kwenye meza tisa. Barua ilipokelewa masijala, ikagongwa muhuri, ikafunguliwa jalada, ikaenda kwa mwandishi mwendesha ofisi (katibu muhtasi) wa mkurugenzi, ikangoja. Mkurugenzi akaandika "Tafadhali shughulikia" kwenda kwa mkurugenzi msaidizi. Mkurugenzi msaidizi akaandika "Tafadhali shughulikia" kwenda kwa afisa mwandamizi, naye akaandika "Naomba uone folio 1 na kushauri" kwenda kwa afisa daraja la pili. Huyo kijana ndiye aliyefanya kazi. Alitumia dakika 40. Kisha jalada likapanda ngazi zilezile, na kila meza ikaongeza sentensi moja ya kukubaliana na meza ya chini.

Dakika 40 za kazi, siku 19 za safari. Ukipunguza watu kwenye mlolongo huo bila kuondoa meza, siku 19 zinakuwa 30, na mwananchi anaanza kutafuta mtu wa kumsukumia jalada. Rushwa ndogo nyingi zinazaliwa kwenye kungoja.

Kwa hiyo kabla hujagusa ikama, andika dokezo sabili (dokezo la ndani lisilo kwenye jalada) kwa Katibu Mkuu lenye jambo moja tu: kwa maombi ya aina hii, masijala ipeleke moja kwa moja kwa afisa, na saini ya mwisho iwe ya mkurugenzi msaidizi. Maombi yenye utata ndiyo yapande juu. Kama wizara yenu iko kwenye Ofisi Mtandao (mfumo wa majalada ya kielektroniki), jambo hili ni mpangilio wa mfumo wa siku moja. Tahadhari hapa: nimeona ofisi ambazo zilihamia kwenye mfumo na kuzihamisha meza zote tisa humo ndani, na juu yake bado zinachapisha nakala ya karatasi "kwa usalama". Wameongeza gharama.

Ule mfano wa vibali 5,400: ukiondoa meza zisizo na kazi, saa moja na nusu inashuka kuwa saa moja. 5,400 kwa 1,290 ni 4.2. Umeachilia watu wawili, na hakuna aliyefukuzwa.

Hatua ya 5: Ikama, yaani hao wawili wanakwenda wapi

Jua bei ya nafasi. Mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anaigharimu Serikali zaidi ya hapo: mchango wa mwajiri kwa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 15, bima ya afya asilimia 3, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nusu asilimia. Jumla 1,185,000 kwa mwezi, 14,220,000 kwa mwaka, kabla hujahesabu meza, kompyuta na nauli ya likizo. Iwe mchango huo unatoka kwenye fungu lako la bajeti au Hazina inaulipa moja kwa moja, fedha ni ya Serikali ileile.

Lakini elewa na jambo hili, maana ndilo linaloua ari ya wakurugenzi wengi: fedha za mishahara huwezi kuzihamishia kwenye OC upendavyo. Idara ikiachia nafasi mbili, haipati mafuta zaidi kwa hilo. Hivyo usimwendee mkurugenzi na lugha ya "tuokoe fedha". Mwendee na lugha ya "una sehemu iliyoelemewa, na hapa kuna watu wawili".

Njia salama ya kupunguza ikama ni kustaafu. Chapa orodha ya watakaotimiza miaka 60 ndani ya miaka 3, na uweke alama kwa waliovuka 55 kwa sababu hao wanaweza kuondoka kwa hiari. Kwa kila nafasi itakayobaki wazi, amua sasa: ijazwe kwa ajira mbadala, ijazwe kwa kumhamisha mtu aliyepo, au ifutwe. Ukingoja mpaka mtu aage, utajikuta unaomba kibali kwa haraka, ukipata kaimu, na kukaimu kumewekewa ukomo wa miezi 6 kwa sababu nzuri. Nimewahi kuona kaimu wa miaka mitatu. Alikuwa na majukumu yote na mamlaka nusu, akaogopa kusaini kila kitu.

Kumhamisha mtu kada kunahitaji sifa za muundo wa utumishi wa kada anayokwenda, na kibali cha Ofisi ya Rais – UTUMISHI. Kumhamisha kituo kunahitaji fedha za uhamisho ziwe mkononi kabla ya barua kuandikwa. Usimpe mtu barua leo na ahadi ya posho "bajeti ikiruhusu". Hilo ni deni, na litakurudia kwenye ripoti ya ukaguzi.

Kuhusu kufunga ajira na kupandisha vyeo kwa jumla: Juni 2016 Serikali ilisimamisha vyote viwili kupisha uhakiki. Kwa mwaka wa fedha wenyewe hesabu zilipendeza. Miaka iliyofuata tukabaki na malimbikizo, na watu walioajiriwa siku moja wakiwa madaraja tofauti, mpaka ikabidi waliocheleweshwa wapandishwe kwa mserereko, yaani moja kwa moja hadi daraja walilostahili. Ukiulizwa ushauri, sema simamisha nafasi mahususi zenye sababu, usifunge bomba zima.

Hatua ya 6: OC, ambako mkono wako una nguvu

Anza na safari, kwa sababu ndiko zinakokwenda fedha na ndiko watu watakakokununia. Tangu Serikali ihamie Dodoma, kuna wizara ambazo magari yake ya STK na STL (namba za magari ya Serikali) yanaishi barabarani kati ya Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, na Dar es Salaam. Piga hesabu ya safari moja ya afisa mmoja. Ni takribani kilomita 450 kwenda, 900 kwenda na kurudi. Land Cruiser ikila lita moja kwa kilomita 7, ni lita 129. Tuseme lita ni shilingi 3,000: hiyo ni 387,000. Posho ya dereva siku tatu, tuseme 100,000 kwa siku, ni 300,000. Jumla 687,000, bila matairi wala sevisi, na posho ya afisa mwenyewe haimo.

Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma katikati ya 2024, nauli ya kawaida ilikuwa 31,000. Kwenda na kurudi 62,000, ongeza 100,000 za teksi ukiwa Dar, jumla 162,000. Tofauti ni 525,000 kwa safari moja. Wakiwa maafisa wanne kwenye gari moja tofauti inashuka kufikia karibu 340,000, bado ni fedha. Hesabu hii ibandike kwenye fomu ya kuomba safari, na aombaye gari aandike kwa nini treni haimfai. Sababu nzuri zipo: kubeba vifaa, kupita Gairo kukagua, kusafiri na kiongozi. Nyingi hazitaandikwa kwa sababu hazipo.

Kisha uliza kama safari yenyewe ilihitajika. Kikao cha saa mbili kinaweza kufanyika kwa video, na hapo unaokoa hata posho. Ukweli unaosemwa kwenye korido ni kwamba safari ni sehemu ya kipato cha watumishi wengi. Ukizikata ghafla bila kusema neno, utapata mgomo wa kimyakimya: majalada yatalala. Kata polepole, na gawa zilizobaki kwa haki ili zisiwe za watu walewale watatu.

Vikao kazi vya nje ya ofisi vina ugonjwa wake. Omba kila kikao kilete matokeo kwenye kurasa mbili ndani ya siku 7, la sivyo idara hiyo haipati kibali cha kikao kijacho. Kwenye ununuzi, tumia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kutafuta bei ambazo wengine wananunulia. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kikuletee ulinganisho wa vitu 20 mnavyonunua zaidi, basi. Umeme: tenganisha mita za LUKU kwa kila jengo. Mengine madogo, kama kalenda, shajara na kadi za sikukuu, yakate leo usiandike hata dokezo. Kadi zilishapigwa marufuku tangu Novemba 2015.

Hatua ya 7: Waambie watumishi kabla korido haijawaambia

Peleka mpango kwenye Baraza la Wafanyakazi ukiwa bado rasimu, na viongozi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa Serikali na afya, wawe wameuona wiki moja kabla. Si adabu tu. Makatibu muhtasi na wasaidizi wa kumbukumbu ndio wanaojua majalada yanapokwamia, na ukiwauliza wakiwa hawana hofu ya kazi zao watakuonyesha. Wenye umri wa kukumbuka miaka ya tisini, maelfu walipopunguzwa kazini, wakisikia neno "ufanisi" wanasikia neno jingine. Sema kwa idadi: hakuna anayeachishwa, nafasi hizi nne zitafutwa wenyewe wakistaafu, hawa wawili wanahamia sehemu ile. Kama huwezi kusema hivyo kwa ukweli, mpango haujaiva.

Hatua ya 8: Andika, pima, na ulinde mwezi wa sita

Kwa kila kasma uliyopunguza, toa kwenye MUSE (mfumo wa malipo na hesabu za Serikali) matumizi halisi ya miaka miwili iliyopita. Usitumie bajeti iliyoidhinishwa kama msingi. Kasma iliyoidhinishiwa milioni 100 na kutumia 60 haijaokoa kitu ukiishusha kuwa 70. Mkaguzi wa ndani apitie namba hizo kila robo, na Afisa Masuuli (anayewajibika kwa fedha za wizara) asome ukurasa mmoja tu: tulisema nini, kimetokea nini, huduma imeharibika wapi. Safu ya mwisho ijazwe na idara zinazotumikiwa, isijazwe na waliopunguza.

Kisha kuna Juni. Fedha ambazo hazijatumika zinarudi Hazina tarehe 30, na kila idara inajua. Akiba ya miezi kumi inaweza kuliwa ndani ya wiki mbili kwa LPO (hati za kuagiza bidhaa) za vitu visivyohitajika. Ukifika mwezi wa tano, mtume mtu astoo akahesabu kabla hujapitisha ombi lolote la vifaa vya ofisi. Mimi niliwahi kufungua stoo moja mwezi wa saba nikakuta katoni 60 za wino, na printa zinazotumia wino huo wizara ilishaziuza kwenye mnada miaka miwili nyuma. Risiti zote zilikuwa za Juni.